Papa Evariste Habarurema, Fundi Aliyetia Vitesi ya Tano Katika 404

Papa Evariste Habarurema, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, alizaliwa Rugari, territoire ya Rutshuru, tarehe 14 Agosti 1951. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Sebahire, mkulima wa maharage, na marehemu Mama Nyirahabimana. Angelazwa huko, kando ya wazazi wake, lakini njia imefungwa na vita. Familia inawaomba wazee wa Rugari radhi.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri wa Rugari, kisha shule ya ufundi hapa Goma, na mwaka 1971 akapata diploma ya mekanika, akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi ishirini na sita.

Kazi aliianza katika gereji ya shamba la kahawa huko Rutshuru. Mwaka 1974 mwenye shamba alipoondoka, Papa Evariste alinunua gari lake, Peugeot 404 ya mwaka 1967. Lilikuwa na vitesi nne, yaani gia nne, na mkono wa kuzibadilisha ulikuwa pembeni ya usukani. Mwaka 1980 alifungua gereji yake mwenyewe hapa Goma, Mapendo. Tarehe 17 Januari 2002 volkano iliifunika gereji hiyo yote. Siku hiyo 404 ilibeba watu wanane mpaka Gisenyi, na kwa kuwa vitesi ya pili ilikuwa inaruka, aliishikilia kwa mkono njia nzima. Aliporudi alijenga tena juu ya jiwe lililokuwa bado na moto chini yake.

Tarehe 28 Julai 1979 alifunga ndoa na mwalimu Élisabeth Nyiramahirwe. Siku tatu kabla ya harusi alikuwa akisugua mikono kwa mchanga na limau, lakini weusi wa mafuta ulikataa kutoka kwenye kucha. Padri aliitazama mikono hiyo, akamwambia bibi-arusi: «Mama, huyu umpokee na mafuta yake.» Kanisa lote lilicheka.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Ferdinand Kamate, Mnande, mfanyabiashara wa Butembo aliyekaa jirani yetu. Mwaka 2007 Ferdinand alimletea kutoka Butembo, juu ya magunia ya maharage, buati ya vitesi tano, sanduku zima la gia, iliyotolewa kwenye Peugeot 505 iliyoanguka. Kazi ya kuitia katika 404 ilichukua zaidi ya mwaka. Papa Evariste alifupisha shafti mara mbili, maana ya kwanza ilitetemesha gari zima. Alikata sakafu, akauondoa mkono wa vitesi kwenye usukani na kuuweka chini, kati ya viti. Ferdinand alikuja kila jioni kumcheka.

«Vitesi ya tano, ku mawe haya ya Goma? Utaitia wapi, ndugu yangu?»

«Siku ya amani. Njia ya Butembo ikifunguka, nitaitia, na wewe utanyamaza kidogo.»

«Basi itaota kutu, muzee!»

Agosti 2008 kazi iliisha. Mafundi walitoka hata Bukavu kuja kuitazama.

Juu ya Jumapili tarehe 26 Oktoba 2008 mengi yamesemwa katika mji huu, na familia imeamua yasemwe sawasawa mbele ya jeneza lake. Vita vilikuwa vinashuka. Papa Evariste alikwenda kumtoa mama yake Rugari, na Ferdinand akakataa rafiki yake aende peke yake. Kabla ya kufika, kwenye kona, waliona watu wenye silaha mbele yao. Ferdinand alisema: «Rudi nyuma, Evariste, rudi!» Kwa hofu, mkono wa Papa Evariste ulikwenda kwenye usukani, mahali ulipozoea kwenda kwa miaka thelathini na minne. Ulishika hewa. Alipouteremsha chini kutafuta vitesi ya kurudi nyuma, injini ilizimika. Ferdinand alipigwa risasi kifuani, akafia kwenye kiti chake. Wenye silaha walimwachilia Papa Evariste, akarudi Goma na mwili wa rafiki yake katika gari lile. Mama yake alifika siku tatu baadaye, kwa miguu.

Watu walisema kwamba, kwa kuwa alisema Kinyarwanda kama wale wenye silaha na akarudi mzima, alimuuza rafiki yake Mnande. Hakumuuza. Alikosea. Alitaka kumweleza Mama Rosine, mjane wa Ferdinand, wiki ile ile. Mke wake ndiye aliyemkataza, kwa kuwa hakutaka isemwe kwamba fundi wa Mapendo alishindwa na kazi ya mikono yake mwenyewe. Alitii. Miaka kumi na mitano alimsalimu Mama Rosine njiani bila kuitikiwa, na 404 hakuiendesha tena.

Tangu 2021 alisumbuliwa na figo. Aliaga dunia Jumatano tarehe 6 Machi, saa nne ya asubuhi, nyumbani, baada ya kupokea sakramenti.

Alhamisi mjane wake alikwenda kwa Mama Rosine, akamwambia yote. Mama Rosine aliuliza: «Mama Élisabeth, ulikaa na mimi ku matanga ya bwana yangu, ukanyamaza?» Alijibiwa ndiyo. Akasema: «Basi mumenifanya nimuchukie mutu bure,» akaingia ndani. Kama atakuja leo hatujui.

Marehemu ameacha mjane, Mama Élisabeth; watoto watatu, Jean-Bosco Niyitegeka, Munezero na Nishimwe; na wajukuu saba. Hakuacha deni la damu kwa mtu yeyote. Mama Rosine akifika, hata katikati ya sala, vijana wampishe, akae mbele, kwenye kiti kilicho kando ya mjane. Hakuna mwingine atakayekikalia.

Bwana ampe Papa Evariste pumziko lenye amani.