Naeku Aliyeshusha Picha ya Mchungaji

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mlio Kitengela, Kajiado na hata kule Namanga. Leo tunamkumbuka mama Naeku Kasaine, fundi wa nguo, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sitini na mmoja.

Baba yake, mzee Kasaine, ndiye aliyekata mti ambao chini yake wazee wa Kimaasai walikuwa wakiomba. Alikuwa ameokoka. Kanisa lilimshangilia sana. Jina lake liliandikwa ukutani, na liko pale hadi leo.

Naeku alikulia katika kanisa hilo. Alishona majoho yote ya kwaya. Kisha, miaka minne iliyopita, mchungaji mpya akatundika picha yake mwenyewe juu ya madhabahu. Kubwa, wasikilizaji, kama mlango. Watu wakaanza kuigusa wakiomba. Wengine waliipigia magoti.

Naeku hakuvumilia. "Baba alikata mti ili watu wamwombe Mungu. Sasa sisi tunaomba picha ya mtu?"

Akawaita nyumbani kwake wanawake saba wa kwaya. Wote saba walikubali: Jumapili akiishusha picha, watasimama naye. Wakashikana mikono, wakaomba.

Jumapili ikafika. Naeku akapanda kiti, akaishusha picha, akaiegemeza ukutani. Akageuka. "Haya, wenzangu, simameni."

Hakuna aliyesimama.

Mchungaji akauliza ni nani wengine. Phylis, mmoja wa wale saba na rafiki wa Naeku kwa miaka ishirini, akajibu akiwa amekaa: "Ni yeye peke yake. Sisi hatujui kitu."

Naeku akafukuzwa kanisani. Picha ikarudishwa.

Binti yake, Naisula, alituambia hivi: "Kufukuzwa hakukumuuma sana. Ni hayo maneno ya Phylis. Kila Jumapili mama alikuwa anapika chai ya watu wanane. Anasema labda leo watakuja. Miaka minne, na hakuna mtu alikuja."

Juzi Phylis alifika matangani. Alilia sana, akaomba aongoze wimbo.

Naisula akamwambia, "Auntie, siku mama alikuita usimame, ulikaa. Basi kaa tu."

Mama Naeku atazikwa Ijumaa, kando ya baba yake, nje ya mji wa Kajiado. Naisula na jamaa wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliahidi kusimama naye ukanyamaza, mwendee leo. Mama Naeku alingoja miaka minne. Huyo wako huenda bado anangoja.