Nilikuwa Nasema kwa Kinywa cha Shemeji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitikia kwa sauti ndogo. Sauti ndogo mimi naijua vizuri, na leo nashuhudia namna Mungu alivyonitoa humo.

Mnanifahamu, mama Neema wa Kilibula. Mradi wa maji ulipofika kwetu, wenye mradi walisema komite isiyo na wanawake haitapewa robine, yaani bomba la maji. Basi tukaandikwa wamama watatu. Kazi yetu ilikuwa kupanga viti, kupika bugali na ndagala za wageni, na kukaa mbele siku ya picha. Mmoja wetu akiwa na neno, alimnong'oneza mwanaume wa kwao aliye katika komite, naye akasimama kulisema. Mimi nilimnong'oneza shemeji, mdogo wa mume wangu. Ndiyo desturi tuliyoikuta, na sikuona ubaya wake.

Wakati huo binti yangu Neema alikuwa akichota maji ziwani. Ndugu zangu, maji yale yalishamlaza kwa kolera, nami nilishika mkono wake nikiona ngozi inavyokunjamana. Robine hiyo niliitaka kuliko chakula.

Siku ya kuchagua mahali, wababa walichagua barabarani, kando ya kabare, pale wanapouza pombe. Nilijua mara moja: hakuna mama atakayetuma binti yake kati ya walevi. Wasichana watarudi ziwani. Nikamnong'oneza shemeji, "Sema pale hapana. Waiweke kwenye njia panda ya shule." Akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Bamama banakubali."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga! Kwa mikono yangu hii.

Jumapili, katika kikundi cha maombi, nikamlilia Mungu abadilishe mahali pa robine. Mnajua ninavyoomba, hata watu wa Songo, mtaa mwingine, wananisikia. Katikati ya maombi wazo likanijia. Mungu anasikia hata neno lililo moyoni, naye ndiye ninayempigia kelele. Wanaume wa komite ni wazito wa kusikia, na hao ndio ninaowanong'oneza! Nikasema amina mapema, nikaenda kuwatafuta wale wamama wawili.

Kesho yake enjenieri alikuja na kamba ya kupimia, na komite yote ikakusanyika. Nikasimama. Shemeji akanivuta kikwembe nilichojifunga.

"Weye, kaa chini. Unatupatisha haya."

"Shemeji, leo minye nitasema mwenyewe."

Sauti ilitoka ile ile ya maombi. Nikaeleza habari ya kabare, ya ziwa, na ya mkono wa Neema. Mwenyekiti akasema tulikwisha kukubali. Nikamjibu, "Makofi nilipiga, ni kweli. Nilikosa." Wale wamama wawili wakasimama, kisha na wamama wa mtaa waliokuja kutazama wakiwa wamekaa nyuma, kila mmoja na bidoni yake ya kuchotea maji. Enjenieri akakunja kamba, akauliza njia panda iko wapi.

Leo Neema anachota pale. Na juma lililopita shemeji alinifuata robineni, akainama sikioni mwangu, akanong'ona: maji yanayomwagika yanaingia katika parseli yake, kiwanja cha nyumba yake, niwaambie komite. Nilicheka, sitawaficha. Nikamwambia, "Shemeji, mukutano iko Alhamisi. Simama, sema mwenyewe."

Namshukuru Mungu aliyenirudishia kinywa changu. Na wewe mama uliyekaa nyuma na neno lako, usinisubiri nje baada ya ibada uje kuninong'oneza. Aliyenisimamisha mimi yuko hapa. Mtegemee, simama, tukusikie.