Karatasi Chini ya Benchi

Benchi la kijiwe cha kahawa lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo akicheka mmoja, wanayumba wote. Linatazamana na jengo la ghorofa kumi na moja, na asubuhi hiyo Waya, fundi wa lifti za jengo hilo kwa miaka kumi na minane, alikuwa amelikalia kama mgonjwa anayesubiri kuitwa kwa daktari. Wenye jengo wapya walikuwa wametangaza kwamba kila fundi atahojiwa upya, kwa Kiingereza, na asiyekiweza akabidhi funguo. Zamu yake ilikuwa saa nne. Mkononi alishika karatasi ya majibu aliyoandikiwa na mpwa wake. Alikuwa na hasira, ila woga ulikuwa mkubwa zaidi.

— Itupe hiyo! alisema Redio, kinyozi wa jirani, ambaye mdomo wake haujui likizo. Kiingereza kimebakiza miaka ishirini tu. Kinaondoka.

— Kinakwenda wapi? Waya aliuliza.

— Kinakwisha, kaka! Kila nchi imejikatia kipande chake, inakishona inavyotaka. Mwisho Waingereza wenyewe watapanga foleni hapa, tuwafundishe upya. Na ada watalipa!

— Wewe unakwenda mbali, alidakia Sayansi, fundi simu. Kuna kidude cha kutia sikioni. Mtu anaongea chake, wewe unasikia chako. Kiingereza cha nini tena?

— Basi nipe hicho kidude leo, Waya alisema.

— Bado hakijafika, kaka.

— Mahojiano yameshafika.

Shangazi wa kahawa alicheka, benchi likayumba. Sayansi hakukubali kushindwa.

— Tena siku zinakuja, mashine zitaongea zenyewe kwa zenyewe. Sisi binadamu tutabaki kukohoa tu.

— Na kukohoa kwenyewe uombe kibali! Redio akaongeza.

Waya hakucheka. Wenzake walikuwa wanagawana miaka hamsini ijayo, yeye ana dakika arobaini.

Mwanamke mmoja mwenye ndoo, mfagiaji mpya wa jengo, alikuwa amesimama akisubiri kikombe chake.

— Samahani jamani, mimi mgeni. Hivi mtu akikwama ndani ya lifti, huwa anapiga kelele kwa lugha gani?

Redio alimgeukia Sayansi.

— Inategemea... alianza Sayansi.

Waya alijua. Lifti ikikwama, yeye haanzi na mashine. Anaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, anamuuliza aliye ndani jina lake, ana watoto wangapi, nyumbani kaacha wanapika nini, mpaka pumzi zitulie. Ndipo anapopanda juu kuzungusha gurudumu la kuisogeza lifti kwa mkono. Meneja wa zamani, aliyekuwa haitikii salamu isipokuwa ya Kiingereza, aliwahi kukwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Alimlilia mama yake, kwa lugha ya mama yake. Waya hakujua hata neno moja la lugha ile, lakini alimsemesha kwa yake, taratibu, mpaka akamtoa mzima.

Akasimama.

— Nakwenda kuwajibu kwa lugha ninayotolea watu. Wakitaka nyingine, walete mkalimani.

Redio alishtuka, akamshika mkono.

— Tulia kwanza, kaka! Sisi tulikuwa tunapiga soga tu. Wewe una watoto!

— Si umesema kinakwisha?

— Nimesema miaka ishirini! Sikusema saa nne!

Waya aliikunja karatasi ya mpwa wake mara nne, akainama, akaisokomeza chini ya ule mguu mfupi. Redio akajitikisa kujaribu. Benchi likatulia, kwa mara ya kwanza tangu liwekwe pale.

— Na wakikukataa, baba? Shangazi aliuliza kwa sauti ya chini, akimmiminia kahawa iliyobaki kwenye birika.

Waya aliyatazama yale madirisha ya juu kabisa, akanywa yote kwa mkupuo mmoja.

— Watapanda ngazi.

Akamrudishia kikombe, akavuka barabara.