Taa Iliyosubiri Moto Upoe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gad, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, ingawa mwenye kujua kueleza mambo alikuwa yeye.

Marehemu Anselme Byamungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Fizi, Kivu Kusini, akasoma sekondari Uvira, kisha fizikia Bukavu hadi mwaka 2004, akafundisha, akamwoa Marthe tarehe 8 Julai 2006, wakajaliwa binti mmoja, Eliane, na mwaka 2012 vita vikawaleta hapa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Kwa kuwa diploma yake haikumpa darasa, alioka mikate Biharwe, kule Mbarara, na joto la tanuri lililopotea bure likaanza kumnyima usingizi. Aliporudi hapa Nakivale, mtaani kwetu Misiera, kutengeneza simu, alibandua visahani vya kauri kwenye kengele za saa na simu mbovu, akaviunganisha kwa waya na kuviweka juu ya jiwe kando ya moto, kwani kauri ya aina hiyo hutoa umeme kidogo joto linapopanda au kushuka, likitulia haitoi kitu. Taa yake ndogo ilimulika mara mojamoja, nasi tukamcheka, tukamwita Papa Kimulimuli.

Tarehe 9 Agosti 2023 wageni walitoka Mbarara kuja kuiona, wakiwa tayari kumpa karakana, na kilichobaki ni moto upoe. Lakini kwetu kuacha moto upoe wageni wakiwa uani ni aibu, basi majirani wakaongeza kuni kwa moyo safi, naye akaona haya kuwazuia, joto likatulia, taa haikuwaka, wageni wakanywa chai wakaenda zao. Hakumlaumu mtu, ila tangu siku ile hakutania tena, na hilo lilituuma sana.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024, akalazwa Mbarara, akafariki Jumanne tarehe 4 Machi 2025, Marthe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa Misiera, na ninyi majirani mlioulisha moto huu wa kilio tangu Jumanne. Eliane ameviweka visahani vya baba yake kwenye jiwe lile lile. Tukitoka makaburini, mtu asiongeze kuni, hata kwa heshima, maana Marthe amesema, "Leo muiache moto izimike, nione taa ya bwana yangu."

Pumzika kwa amani, kaka, safari hii tutauacha upoe.