Ua Nililompelekea Mzee Nchagwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Nchagwa wa Ntimaru, tuliyemzika Ijumaa. Huyu ndiye aliyechimba bwawa linalojilisha lenyewe. Mnivumilie kidogo, maana nazungumza nikiwa na aibu.

Alilichimba mwaka wa 1989, chini ya chemchemi. Maji yalipita kwanza kwenye mafunjo, yakaacha tope huko, yakaingia safi. Bata walinyea humo, maji yakawa kijani, samaki aina ya ngege wakala ule ukijani wakanona. Miaka sita mzee hakununua chakula cha samaki. Aliniambia, "Hii bwawa ni kama boma. Kila mtu ako na kazi yake. Mimi nafungua tu njia ya maji."

Nilikwenda kumhoji mwaka wa 1995. Mkono mtupu haulambwi, basi nikambebea zawadi kutoka kwetu Kendu Bay: mmea wa ziwani wenye ua la zambarau. Nikamwambia utapendezesha bwawa. Mzee aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akauweka majini, kwa kuwa mimi ni mgeni.

Lilikuwa gugumaji. Ndani ya miezi michache lilifunika bwawa lote. Jua halikufika ndani, hewa ikaisha, ngege wakaelea wamekufa.

Baadaye msikilizaji mmoja akaniandikia barua: bwawa lile limeharibikaje? Nilimjibu kwenye maikrofoni hii hii. Nilisema mzee amechoka, amelitelekeza. Na nilijua, wasikilizaji. Wakati huo gugumaji lilikuwa limeziba ufuo wetu, na nilijua.

Ijumaa mjane wake, Mama Mellen, alinivuta kando. "Siku hiyo tulikuwa tunakusikiliza," akasema. "Nikamwambia, si tuandike barua tuseme ni wewe ulileta? Akakataa. Akasema huyo alikuja na zawadi, mgeni haaibishwi. Akachukua reki, akaenda kung'oa."

Aling'oa miaka mitatu, hadi kifua kikamlaza. Hata kaburini watu walinong'ona kwamba uvivu ndio uliomaliza bwawa. Nami nilikuwapo, nikanyamaza, nikala chakula cha msiba.

Mzee Nchagwa hakulitelekeza bwawa lake. Narudia: hakulitelekeza. Niliyeliua ni mimi.

Mama Mellen na watoto, poleni sana. Nitakuja kuomba msamaha kwa miguu yangu. Nawe msikilizaji, kama kuna mtu anayebeba lawama yako, mwendee leo hii. Mimi nimesema ukweli, na Mzee Nchagwa hayupo kuusikia.