Sajini Pruitt, Kiberiti na Maandishi ya Mlangoni

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, Sajini Delbert Pruitt anavua mkanda wa kazi baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya sherifu wa Kaunti ya Tolliver, yote akiwa mkufunzi wa shabaha. Hakuna anayebeba bastola katika ofisi hii ambaye hajafokewa naye. Wengine tumefokewa mpaka tukazoea, kama watu wa kando ya reli walivyozoea treni.

Amefundisha askari manaibu mia mbili na kumi na wanne. Hakuna aliyewahi kuumia katika uwanja wake wa shabaha, ila mmoja aliyekalia kiota cha nyigu, na huyo aliambiwa amalize risasi zake kwanza.

Alipokabidhiwa ufunguo wa uwanja mwaka 1994, aliandika mlangoni kwa rangi nyekundu: MKUFUNZI AKIFELI MARA MBILI, AKABIDHI UFUNGUO. Alikuwa na miaka thelathini na sita na macho ya mwewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Oktoba iliyopita, katika mtihani wa mwaka, Sajini alipata alama sitini na nane. Kufaulu ni sabini. Alilaumu upepo, jua, na kiwanda cha karatasi za shabaha. Hakulaumu ile bastola yake kubwa nyeusi, ingawa vidole vyenye baridi yabisi vilishindwa kuikoki hadi akaibana mapajani, jambo alilolipiga marufuku yeye mwenyewe kwa maandishi. Wala hakulaumu miwani yake, ambayo kioo cha kusomea kiko chini, hivyo ili aone ncha ya mtutu ilimbidi ainue kidevu kama kuku anayekunywa maji.

Ulibaki mtihani mmoja, wa marudio, mwezi Machi. Akifeli, angestaafu huku amenyang'anywa ufunguo na mwandiko wake mwenyewe. Tulimcheka, ndiyo, lakini mzee alikuwa na hofu, na siku zile hakumfokea mtu.

Hapo ndipo anapoingia Wanda Kessler wa chumba cha redio, ambaye ndiye anayeandika haya. Nina miaka sitini na mitatu na bastola ndogo, laini kukoki, ambayo kwa miaka minane Sajini aliiita Kiberiti. Jumamosi moja asubuhi alisimama kibarazani kwangu na pai ya pichi.

“Arlene kasema nikuletee,” alisema. Arlene ni mkewe.

“Mwambie ahsante. Na wewe umeletwa na nini?”

“Wanda, hicho kiberiti chako... unakikoki vipi?”

“Kiberiti? Mi' sivuti sigara, Delbert.”

Alikohoa, akatazama bustani yangu, akatazama viatu vyake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. “Bastola yako, basi,” alisema. “Nifundishe, mama. Vidole havinitii.”

Nilimfungulia mlango, tukala pai kwanza.

Nilimfundisha kushika sehemu ya juu ya bastola kwa kiganja kizima na kusukuma kwa bega, badala ya kuvuta kwa vidole. Nilimkataza risasi mia mbili kwa siku, maana mkono wa mzee hujifunza kwa thelathini na kupumzika. Alianzia hatua tano kutoka kwenye shabaha. Daktari wa macho alimtengenezea miwani yenye kioo cha karibu juu, jicho la kulia tu, akamuuliza kama siku hizi anapaka rangi dari. Akiwa na miwani hiyo kwenye chakula cha kanisa, alimwaga mchuzi wa nyama juu ya keki ya mke wa mchungaji, akasema ilikuwa tamu.

Duka la mjini lilibakiwa na bastola moja tu kama yangu. Ilikuwa ya zambarau.

Siku ya mtihani ofisi nzima ilijifanya imekuja kunywa kahawa. Sajini alitoa zambarau yake mbele ya manaibu wote aliowafundisha kudharau bastola ndogo. Mmoja akauliza, “Sajini, ya mjukuu hiyo?” Sajini alilenga. Alifyatua taratibu, akapumzika, akafyatua tena. Alama tisini na moja. Tulipiga makofi, na mimi nililia, nikasema ni moshi wa baruti.

Kisha aliomba rangi nyekundu. Alipokuwa akiandika, alidhani hatumwoni. Sasa mlango unasema: MKUFUNZI AKIFELI MARA MBILI, AMWONE WANDA.

Sherifu ameyasoma maandishi hayo na kuyafanya sheria. Kuanzia Aprili, kila Alhamisi saa nne asubuhi, kutakuwa na darasa la waliovuka hamsini, na ufunguo nitautunza mimi. Orodha ya wanafunzi imebandikwa karibu na mashine ya kahawa. Jina la kwanza, kwa mwandiko tunaoujua sote, ni Delbert Pruitt.

Ahsante, Sajini, kwa kila mtu aliyerudi nyumbani mzima kwa sababu ulimfokea. Tunakuombea mikono isiyouma, samaki wengi, na siku ndefu pamoja na Arlene. Na Alhamisi usichelewe. Hapa wanaochelewa hufokewa.