Waya Niliyoikata Fupi

Sikilizeni wanangu, na wewe Wacera zima hiyo simu, pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na simu. Gikonyo amekaa kule mlangoni kama mgeni aliyekuja kuulizia njia. Mwache, hata hapo anasikia.

Ya mali ni machache. Nyumba hii ya mtaa wa West Indies ni ya Wacera, kwa sababu ndiye aliyemuuguza mama yenu na ndiye anayenigeuza kitandani sasa. Shamba la Burnt Forest, lile tulilolikimbia wakati wa ghasia tukarudi, ligaweni kwenye mfereji, na mfereji usisogezwe hata hatua moja, maana nimeona watu wa tumbo moja wakizikana bila kusalimiana kwa ajili ya hatua moja.

Pikipiki ndiyo inayoninyima usingizi. Wacera, umeniambia mumeo Vincent anataka kuipanda kesho kwenda Cheptiret, kwa vile nimeifungia swichi mpya za usukani, taa inawaka na honi inalia. Asiipande. Naogopa, wanangu, naogopa kuliko ninavyoogopa kaburi, na mnisikilize mpaka mwisho mjue kwa nini.

Fundi akibadilisha swichi za usukani hupitisha waya kutoka pale mkononi, kando ya shingo ya pikipiki, hadi chini ya tangi, na ni lazima aiache ilegee kidogo ili usukani ukizungushwa isivutike. Mnakijua kibanda changu cha ufundi kilivyokuwa chembamba. Pikipiki ilisimama imeegemea ukuta, usukani umekunjwa kushoto siku zote. Miaka kumi na mmoja iliyopita niliifungia pikipiki hii hii swichi ikiwa imesimama hivyo hivyo, nikapima waya hivyo hivyo, nikaikata, tena nikajisifu kwamba sikupoteza hata inchi. Usukani ukienda kushoto, hakuna neno. Ukienda kulia mpaka mwisho, waya ya taa inavutwa na kuchomoka.

Gikonyo, ile jioni ya mvua ulipokata kulia kutoka lami pale Cheptiret ukaanguka mtaroni, ulisema taa ilijizima. Ulisema hospitalini, ukasema nyumbani, ukamwambia mama yako ukilia. Nasi tukasema ni pombe, kwa sababu ulikuwa umeonja glasi moja kwenye sherehe, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Siku ya tatu niliinua tangi nikaiona waya imechomoka. Nikaiunga kwa kipande kirefu, nikafunga tepu, nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata Mzee Wilson, babake Jeruto mchumba wako, alikuja hapa akashika kofia mkononi. Akaniambia, "Thuo, nakuuliza kama mzazi mwenzangu. Huyu kijana hulewa?" Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa tu, naye akaondoka na jibu lake, na harusi yako ikaishia hapo.

Niliona aibu. Walimu na mapadri wote waliniletea pikipiki zao, na nani angemrudia fundi aliyemvunja mwanawe mguu? Nikasema nitasema kesho, kesho ikawa miaka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yenu alikufa akikuombea, Gikonyo, upone ulevi ambao hukuwa nao, nami nilikuwa nimepiga magoti kando yake nikiitikia amina.

Sasa juma lililopita, kabla sijashindwa kuinuka kitandani, kwa kuwa swichi za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, nilifunga nyingine kwa mikono hii, nikitaka kukuachia pikipiki nzima. Nilipomaliza ndipo nilipoona imeegemea ukuta tena. Sikumbuki kama waya niliilegeza. Nimejiuliza siku sita, na sikumbuki.

Basi itoeni nje, washeni taa, zungusheni usukani kulia mpaka ugome. Taa ikizima, fungueni, wekeni waya ndefu. Halafu ni ya Gikonyo. Asipoitaka aivunje kwa nyundo, sitamlaumu. Na wewe Wacera, kabla sijazikwa, nenda kwa Mzee Wilson umwambie kwa mdomo wako nilichoficha. Jeruto ana mji wake na mumewe, msimsumbue, lakini yule mzee ajue alimkataa kijana wa namna gani.

Maji kidogo. Asante, Wacera.

Kwetu baba hubariki kwa kumtemea mwanawe mate viganjani, na mate ya mtu aliyeficha neno hayabariki mtu. Ndiyo maana miaka hii yote kila uliposafiri, Gikonyo, nilijifanya nina kazi kibandani. Sasa nimelitoa. Sikulazimishi, mwanangu. Ukikaa hapo hapo mlangoni, una haki yako.

Wacera, nilowanishe ulimi tena, nisikose mate. Macho yamekuwa ukungu. Nani anainuka? Usiniambie. Nausikia mguu ukiburutwa.

Njoo. Fungua viganja. Mungu akuongoze... akupe mji... akupe watoto watakaokuamini. Inama kidogo, mwanangu. Siwezi kufika.